Keki ya Kinu cha Bibi

Jumamosi iliyopita nilikuwa ukumbini, hapa hapa Dodoma, kwenye sendofu ya kumuaga binti wa mama mdogo. Ukumbi wa kisasa, viti vimevalishwa magauni, feni zinazunguka, na mbele kabisa keki ya ngazi tano, nyeupe pee, imepambwa maua ambayo ukiyaona utaapa yamechumwa asubuhi ile. Nikamwambia jirani yangu wa mezani, jamani, keki yote hii tutaimaliza lini? Akanicheka. Akaninong'oneza kwamba keki ya kweli ni ile ngazi ya chini tu, zile nne za juu ni boksi lililopakwa aisingi. Sikuamini. Nikajifanya naenda kupiga picha, nikasogea, nikaigonga ngazi ya tatu kwa ukucha. Ikalia ko, ko, ko.

Nilirudi kitini nacheka peke yangu. Sina ugomvi na boksi, kila zama na mapambo yake, na binti mwenyewe alikuwa amependeza hadi machozi yalinilenga. Ila ule mlio ulinirudisha mbali, rafiki yangu. Ulinirudisha Miyuji, nyumbani kwa bibi, siku mama mdogo mwenyewe alipoagwa, na keki ambayo ungeigonga isingelia ko, maana ilikuwa keki mpaka juu, na ndani yake kulikuwa na kitu nilichokijua mimi peke yangu. Au ndivyo nilivyodhani.

Miyuji ya wakati ule si hii ya maghorofa na lami. Nyumba zilikuwa za kuhesabu, katikati yake mashamba ya uwele na vichaka vya miiba, na mwezi wa tisa upepo ulikuja na vumbi jekundu likaingia mpaka kwenye meno. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya mbali, nikalelewa na bibi pamoja na mama mdogo, kitinda mimba wake. Nilikuwa na miaka kumi hivi, miguu myembamba, mdomo mrefu, na mvivu. Bibi alisema uvivu wangu si wa ukoo, nimeuokota shuleni.

Shida ilianza siku wakwe walipokuja kupanga mambo ya sherehe. Walitoka Dar es Salaam, watu wazuri, wamevaa vizuri, wanaongea haraka. Mama yake bwana harusi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kujiamini. Alipomaliza chai yake akasema, kwa wema kabisa nadhani, kwamba keki wataibeba wao kutoka Dar, maana huku anajua mambo ya keki ni magumu.

Bibi alimmiminia chai nyingine. Akatabasamu. Akasema, "Usijisumbue, mkwe. Keki tunayo."

Keki gani? Bibi alikuwa hajawahi kupika keki tangu azaliwe. Alijua ugali wa uwele, alijua mlenda, alijua kunde na karanga, na maandazi ya Krismasi ambayo yalikuwa magumu mpaka tukayachovya kwenye chai ndipo yaliwe. Wageni walipoondoka alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akaangalia mlango muda mrefu. Kisha akajifunga khanga yake vizuri, akanishika mkono, tukaenda kwa jirani.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kondoa, Mrangi, Mwislamu mwenye ushungi mweupe usiojua doa. Aliwahi kuwa mpishi kwenye hosteli ya wanafunzi mjini, na mtaa mzima ulijua mkono wake. Sikukuu ya Idi sinia la kwanza lilikuja kwetu, na Krismasi la kwanza lilikwenda kwake. Bibi hakuzunguka. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, nimesema uongo mbele ya wakwe. Nisaidie uwe kweli."

Jirani akacheka, akamkaribisha, akasikiliza yote mpaka mwisho. Bibi alipofika kwenye lile neno la mambo ya keki ni magumu, jirani aliacha kucheka. "Wamesema hivyo?" "Wamesema." "Basi mama, watakula keki ya matabaka matatu, na watauliza imetoka hoteli gani."

Wiki ile ilikuwa tamu, nasema kweli. Nyumba mbili zikawa jiko moja. Asubuhi nilitumwa kukusanya mayai ya kuku wa bibi, mchana nilitoa mbegu kwenye zabibu za shamba la mjomba, moja moja, mpaka vidole vikawa vya zambarau na shuleni mwalimu akaniuliza kama nimemwaga wino. Zabibu zile zikapikwa na sukari zikawa jemu nzito ya kupaka katikati ya matabaka. Maua makavu ya rozela yakachemshwa yakatoa maji mekundu, hayo ndiyo yangekuwa rangi ya waridi. Rangi za dukani jirani hakuzitaka, alisema zinaacha ulimi wa mtu kama amelamba ukuta uliopakwa jana.

Keki zenyewe ziliokwa kwa mkaa. Sufuria kubwa la msibani na harusini liliwekwa mchanga chini, sufuria dogo lenye unga uliokorogwa likakaa juu ya mchanga, likafunikwa, kisha makaa yakapangwa juu ya mfuniko. Jirani hakuwa na saa. Alisimama pale, akanusa, akanusa tena, akasema "bado," na mimi nikasema "bado" kama vile najua. Akachomoa njiti kwenye ufagio mpya, akaichoma keki katikati, ikatoka kavu. Matabaka matatu, kubwa, la kati na dogo, yakapoa chini ya khanga, na harufu ya vanila ikawaleta watoto wa mtaa wote ukutani kwetu. Bibi akawafukuza kwa mwiko, kisha akawaita tena akawapa makombo.

Ikabaki aisingi. Sukari ile laini ya boksi ilikuwa adimu wakati ule, Majengo sokoni walituambia turudi mwezi ujao. Jirani akasema haina neno, sukari ya kawaida ikipondwa kwenye kinu na kuchekechwa kwenye mtandio mwepesi inakuwa unga wa kuruka kwa pumzi. Ndipo nikapewa kazi yangu.

"Kinu ukioshe kwa maji ya moto mara tatu," jirani aliniambia. "Ukianike juani kutwa nzima, maana kikiwa na unyevu sukari itakuwa jiwe. Halafu ukinuse. Kikinuka kitu chochote, osha tena." Na ukifanya vizuri, akaniambia, ua la mwisho juu kabisa utaliweka wewe kwa mkono wako.

Bibi akauliza, "Umesikia?" Nikasema nimesikia, bibi. Na kweli nilisikia. Masikio hayakuwa na kosa.

Lazima nikueleze kile kinu. Kilikuwa kimoja tu nyumbani, cha mti mgumu, mdomo umelika upande mmoja, na juzi yake tu bibi alikuwa amepondea mlenda mkavu. Kama hujawahi kukaa Dodoma, mlenda ni mboga ya porini, tunaianika, tunaiponda ikawa unga wa kijani, na ukiitia kwenye maji ya moto inakuwa na utelezi wa kuvutika. Kwa Wagogo chakula bila mlenda ni kama hujala. Bibi aliponda mwingi, mfuko mzima, aondoke nao binti yake kwenda Dar, maana aliogopa kwamba huko mtoto wake atakufa njaa huku anakula nyama.

Alhamisi nilikwenda bombani na ndoo. Foleni ilikuwa ndefu, wenzangu walikuwa wanacheza rede pembeni, nikaweka ndoo kwenye mstari nikaingia kucheza. Nilikuwa hodari wa kukwepa mpira, usinione hivi. Nilipokumbuka ndoo, zamu yangu ilishapita na maji yametoka kidogo kidogo kama machozi. Nikarudi na nusu ndoo, nikamimina kwenye mtungi wa kunywa. Kinu nikakiambia kesho.

Ijumaa nilirudi kutoka shule jua limeshainama. Nikasimama mbele ya kile kinu. Nikikiosha sasa hakikauki, sukari inakuwa jiwe. Nisipokiosha, basi. Nikakipindua, nikakigonga matako mara tatu, nikaingiza kitambaa kikavu nikafuta na kufuta mpaka mkono ukauma. Nikakinusa. Kikanuka mlenda.

Nikaitia sukari ndani nikaanza kutwanga.

Bibi ndiye aliyechekecha, jioni ile ile, amekaa kwenye mkeka, mtandio wa jirani umetandazwa juu ya beseni. Alichekecha mara moja, mara mbili, akaacha. Akachovya kidole, akalamba. Akaniangalia. "Mjukuu wangu, kinu ulikiosha?"

"Nilikiosha, bibi."

"Haya," akasema, akaendelea kuchekecha.

Usiniulize nililalaje.

Alfajiri ya Jumamosi tulikuwa jikoni kwa jirani, maana aisingi Dodoma inapakwa kabla jua halijaamka, likishaamka hakuna maelewano. Mlango ukafungwa kuzuia vumbi. Jirani akapiga ute wa mayai kwa uma, akapiga, akapiga, mpaka ukavimba ukawa mweupe. Alikuwa na kipimo chake. Alichukua bakuli akalipindua juu ya kichwa changu, ghafla, nami nikapiga kelele kila mara ingawa nilijua. Kama ute haukumwangukia mtoto, uko tayari. Haukuniangukia. Akaanza kutia sukari, kijiko kwa kijiko, na matone ya ndimu.

Nikaiona rangi kabla yake. Ule weupe ulianza kupauka ukawa kijani cha mbali, kama ukuta wa zahanati, na ndani yake vitone vidogo vidogo vyeusi. Kisha akainua uma. Aisingi ikainuka nao. Haikudondoka, ilivutika, ikawa kamba ndefu nyembamba kutoka bakulini mpaka hewani, akainua mkono juu zaidi, nayo ikafuata.

"Hee! Makubwa haya," jirani alisema. "Mbona inavutika?"

Mama mdogo akaja kuangalia, nywele zimefungwa vitambaa, akashika kinywa. Bibi alikuwa kwenye kona, anachambua mchele, hakuinua kichwa. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Sasa ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema, naijua mpaka leo ilivyokuwa, kubwa na wazi kabisa. Nikaiacha ipite.

Jirani akajilaumu mwenyewe. Labda mayai ni ya leo sana, akasema. Labda ndimu imezidi. Labda mkono wangu umezeeka. Alilamba, akakunja uso, akalamba tena. Sukari nyingine haikuwepo, na wakwe walikuwa njiani. Alivuta pumzi, akasema bismillahi, akaanza kupaka.

Na hapo, rafiki yangu, ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu. Ile aisingi ilishika. Kwa kawaida yake, alituambia, aisingi ya ute huteleza pembeni ukaanza kuifukuza na kisu. Hii ilikaa ilipoambiwa. Alipaka tabaka la kwanza, akaweka jemu, la pili, jemu, la tatu, kisha akaizungushia yote mpaka ikawa laini kama imepigwa pasi. Maua aliyatengeneza kwa mfuko wa plastiki aliouosha, akaukata kona kwa mkasi meno matatu, akautia aisingi iliyochanganywa na maji ya rozela. Akabinya, akazungusha mkono, ua. Akabinya, akazungusha, ua. Yalisimama wima yote, hakuna lililolala. Keki ya kijani cha mbali kabisa, maua ya waridi kuizunguka. Mama mdogo alianza kulia, akaambiwa aache atavimba macho.

"Haya, fundi wangu," jirani akaninyooshea ule mfuko. "Ua la juu."

Nilikuwa nimeliota ua lile wiki nzima. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwa udongo. Nikaangalia ule mfuko mkononi mwake, nikaona siwezi kuugusa. "Sitaki," nikasema. Akadhani naogopa, akanibembeleza, nikakataa, mwishowe akaliweka mwenyewe. Bibi aliinua kichwa kidogo tu, akarudi kwenye mchele wake.

Sherehe ilikuwa uani, chini ya turubai la kuazima. Upepo wa mwezi wa tisa ulivuma bila adabu, kwa hiyo keki ilikaa mezani ndani ya chandarua, imetulia kama mzazi aliyejifungua. Wakwe wakaingia na vigelegele, yule mama mnene wa Dar akatupungia mkono wote akasema "Mbukwenyi!", salamu yetu ya Kigogo, kwa lafudhi yake, na sisi tukaitikia kwa kishindo. Jua lilikuwa kali. Soda zilichemka kwenye chupa. Keki haikutoa hata jasho.

Chandarua kilipofunuliwa watu walisema aaah. Emsii, ambaye kwa kweli alikuwa mwalimu wangu wa darasa, akaamuru makofi ya kilo mbili. Akasema keki hii haikutoka mbali, imetengenezwa hapo ukuta wa pili, na akamwita jirani asimame aonekane. Jirani akasimama, ushungi mweupe, aibu tele. Mama mdogo akakata, akachukua kipande, na kwa kuwa ndizo taratibu zetu kwamba aliyeagwa anawalisha watu keki kwa mkono wake, akaanza na mkwe mkubwa.

Mama wa Dar akafungua kinywa, akapokea. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Nilikuwa nimekaa chini kabisa mbele, kwenye mkeka wa watoto. Niliuona uso wake ulivyobadilika. Akameza. Akauliza, si kwa sauti kubwa, lakini emsii alikuwa amemwekea maikrofoni mdomoni ili aseme keki ni tamu, kwa hiyo sisi wote tulisikia. "Nani kapika hii?"

"Ni mimi, mama," jirani akasema.

"Umeweka nini humu?"

 Jirani akahesabu kwa vidole, unga, mayai, siagi, sukari, ndimu.  Kisha akasema maneno ambayo yalinichoma mpaka leo nikiyasema yananichoma. "Kama kuna kosa, mama, ni langu mimi. Si la nyumba hii."

Wee! Nilisimama kabla sijajua nasimama. "Si yeye!" nikapiga kelele. "Ni mimi! Sikuosha kinu! Kilikuwa na mlenda!" Na nikaanza kulia, kilio kile cha kamasi, mbele ya wakwe na mwalimu wangu na wenzangu wote wa rede.

Yule mama akanitazama. Akaitazama keki. "Mlenda?" akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali. Mabega yake makubwa yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinapanda. Akamnyang'anya emsii ile maikrofoni. "Jamani! Nilijua nikija kuchukua mke Ugogoni mlenda nitaula tu. Lakini sikujua nitaulia kwenye keki!"

Turubai lilitaka kung'oka. Vigelegele, miluzi, mtu akaangusha kiti. Yeye akamgeukia mama mdogo akafungua kinywa tena. "Niongeze, mwanangu. Nimeanza kuuzoea." Na baada ya hapo kila mtu alitaka kipande, si kwa utamu, kwa kuhakikisha. Ilikuwa tamu, niamini, na mbali kabisa mwisho wa ulimi kulikuwa na ladha ya jani. Ilikwisha yote. Wakwe walikwangua mpaka sinia.

Jioni, wakati wa kuosha vyombo, nilikaa mbali na bibi nikisubiri kipigo. Hakikuja. Alinipa sufuria nisugue, naye akasugua lake. Baadaye akasema bila kunitazama, "Nilijua tangu nachekecha. Mlenda mimi nitauacha kuujua?"

"Mbona hukusema, bibi?"

"Ningesema, sukari nyingine ingetoka wapi?" Akamwaga maji, akasuuza. "Halafu kinu nilikupa wewe. Nilikuwa nakungoja wewe useme. Nilikungoja jana, nikakungoja leo alfajiri. Nikasema moyoni, huyu mtoto atamwacha mama wa watu aaibike? Ulichelewa, mjukuu wangu. Lakini ulisema."

Nililia upya, mara hii kimya kimya. Nikainuka nikaenda kwa jirani kumwomba radhi. Nilimkuta amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, amechoka na amefurahi. Hakuniachia hata nimalize maneno. Aliingia ndani akatoka na kisahani chenye kipande kimoja alichokificha kwa ajili ya bibi, na ule mfuko wa plastiki wenye aisingi ya waridi kidogo chini. "Mkono hauzeeki kumbe," akasema. "Ni mlenda tu. Haya, weka ua lako."

Nikabinya, nikazungusha. Lilitoka limepinda, linafanana na sikio. Nikampelekea bibi, akalitazama, akaomba kijiko, akaanza kulila lile ua kwanza.

Vingi vimeondoka, rafiki yangu. Bibi alitutoka miaka mingi iliyopita, kwa amani, akiwa ameshawabeba watoto watatu wa mama mdogo. Jirani alirudi kwao Kondoa kuzeekea kwa ndugu zake, na salamu zake zilikuja kila Idi mpaka siku ziliponyamaza. Uani pale Miyuji pamejengwa nyumba ya kupangisha. Foleni ya ndoo hakuna, rede sijawaona watoto wakiicheza, na aisingi unainunua dukani kwenye boksi, nyeupe, haina hadithi. Sisemi zamani ilikuwa bora. Maji ya bomba ndani ya nyumba ni kitu kizuri sana, wala usinidanganye. Ila nikiwa jikoni kwangu Nzuguni, nikawapikia wanangu keki ya Jumapili, nampindulia mmoja wao bakuli kichwani, naye anapiga kelele, na mimi namkumbuka mama wa Kondoa kwa mapenzi ambayo sikuwahi kumwambia.

Turudi ukumbini. Ulipofika wakati wa kulishana keki, binti alianza na bibi yake mzaa baba. Ndiye yule yule mama wa Dar. Amekuwa mdogo sasa, amekauka, anatembelea fimbo, lakini ile sauti haikupungua hata kidogo. Akapokea kipande, akatafuna polepole, ukumbi umetega sikio. Emsii kijana akamwekea maikrofoni. "Bibi, keki tamu?"

"Tamu," akasema. "Ila haina mlenda."

Vijana wakacheka wakidhani ni uzee. Mama mdogo alifunika uso kwa kitambaa, nikajua analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nikamtafuta bibi yangu ukumbini. Nasema kweli, macho yangu yalizunguka meza zote yakimtafuta, kana kwamba angekuwa amekaa mahali anachambua mchele.

Nilikwenda kumwamkia yule mzee. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Alinishika mkono akanikazia macho. "Si wewe wa kinu?" Nikasema ndiye mimi. Hakuuachia mkono wangu. Akaniambia, taratibu, kwamba siku ile alikuwa ameshakasirika. Alidhani wamemfanyia dharau kwa lile neno lake la keki, na alikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu baya, juu ya yule mama wa Kondoa na juu ya nyumba ya bibi yangu. "Lingetoka lile neno," akasema, "huyu binti tunayemuaga leo nisingekuwa naye. Wewe ukasimama na kamasi zako."

 Nilipiga magoti pale pale kwenye zulia nikauweka mkono wake usoni kwangu.

Ameniomba keki. Ya kweli mpaka juu, amesema, hataki boksi. Nimemwahidi nitampelekea Jumamosi hii kabla hajarudi Dar. Kinu cha bibi ninacho mimi, kiko uani kwangu, mdomo umelika upande ule ule. Leo nimetafuta mlenda mkavu Majengo nimepata, nimeuponda asubuhi, kinu nimekikung'uta kidogo tu.

Sitakiosha.